Konde la Chuma na Swali la Steringi

Yeyote aliyewahi kuchelewa kuingia katika kibanda cha video, miaka ile ya mikanda na mabenchi ya mbao, analijua swali la kwanza la kumnong'oneza jirani: steringi nani? Neno lenyewe tulilitoa katika Kiingereza cha mabango ya sinema, tukalivua na kulivika upya mpaka likawa letu. Kwetu steringi si mwigizaji mkuu tu. Ni yule ambaye filamu imemwekea dhamana: atapigwa, ataangushwa, pengine atachomwa kisu, lakini hafi, na mwishoni atamfuata adui mpaka kwake. Katika filamu za kung fu liliongezeka sharti moja ambalo halikuandikwa popote. Steringi lazima awe anajua kupigana kuliko wote tuliowaona humo, na mashahidi ni macho yetu.

Neno hilo hunijia kila nisomapo habari za mabishano yaliyoizunguka tamthilia ya Marekani iitwayo Iron Fist. Netflix iliitoa tarehe 17 Machi 2017, sehemu 13 kwa mpigo. Ilikuwa tamthilia ya shujaa mwenye nguvu zisizo za kawaida ambaye pia ni bingwa wa sanaa za mapigano, na ilitoka baada ya Daredevil, Jessica Jones na Luke Cage, ndugu zake watatu waliokwisha kupendwa. Watazamaji waligawanyika hata kabla ya kuiona. Mgawanyiko huo umezoeleka kusimuliwa kama ugomvi wa kambi mbili: waliolalamikia ubaguzi na waliotetea asili ya hadithi. Usimulizi huo hauniridhishi. Waliokuwa wakigombana walikuwa wakiuliza swali letu la kibandani, na swali hilo lilikuwa na umri mkubwa kuliko tamthilia yenyewe.

Kwanza jina. Nimelifasiri kuwa Konde la Chuma, ingawa wengi wangesema Ngumi ya Chuma bila kusita, na hawatakosea. Nimechagua konde kwa sababu ngumi hutupeleka haraka ulingoni, kwenye masumbwi na kengele ya raundi, ilhali konde hubaki kwanza katika kiganja kilichofumbwa, tena hubeba ule usemi wa kupiga moyo konde. Shujaa wa hadithi hii hupata nguvu zake kwa kuikusanya pumzi na nia yake mpaka mkono unawaka. Kabla haujampiga mtu, mkono huo ni moyo uliopigwa konde.

Hadithi ya mgeni kutoka Magharibi anayelelewa milimani Asia kisha akawashinda wenyeji kwa elimu yao wenyewe haikuanzia Netflix. Mwaka 1933 mwandishi Mwingereza James Hilton alichapisha Lost Horizon, riwaya iliyoupa ulimwengu jina Shangri-La, bonde lililofichika ambako watu huishi miaka mingi kupita kiasi. Mwaka 1939 mchoraji Bill Everett akamuumba Amazing-Man, yatima aliyelelewa Tibet na watawa wenye hekima ya siri. Kiunzi cha hadithi kilikwisha kusimama: mtoto mweupe, mlima, walimu wa Kiasia, kisha safari ya kurudi mjini. Waliofuata walibadilisha mapambo tu.

Televisheni nayo ilichukua zamu yake. Mwaka 1966 ilianza The Green Hornet, na ndani yake dereva na msaidizi aliyeitwa Kato, aliyeigizwa na kijana Bruce Lee. Kwa mujibu wa hadithi, steringi alikuwa bwana wake. Kwa mujibu wa macho, hakuna aliyedanganyika, na Hong Kong kipindi hicho kilijulikana kwa jina la Kato. Tamthilia ile haikuvuka msimu mmoja. Mwaka 1972 ikaanza Kung Fu, habari za mtawa wa Shaolin aitwaye Kwai Chang Caine akitangatanga Marekani ya magharibi ya karne ya kumi na tisa. Caine alikuwa na asili ya Kichina kwa upande wa mama, lakini sehemu hiyo alipewa David Carradine, Mmarekani mweupe. Ilipendwa sana, ikaendelea hadi 1975. Kumbuka jambo hili, msomaji, maana nitalirudia: Carradine hakuwa bingwa wa mapigano, na mapigano yake mengi yalionyeshwa kwa mwendo wa taratibu, kama mtu aliye ndani ya maji.

Kisha ukaja mwaka 1973. Filamu za Hong Kong zilizitwaa kumbi za sinema za Marekani, Bruce Lee akafariki tarehe 20 Julai, na Enter the Dragon ikatoka mwezi uliofuata ikiwa tayari ni filamu ya marehemu. Kampuni ya vitabu vya katuni ya Marvel ilinusa upepo. Mwezi wa Desemba ulichapishwa mkasa wa kwanza wa Shang-Chi, steringi Mchina, ingawa alipewa baba aitwaye Fu Manchu, yule adui wa kutisha aliyebuniwa na Mwingereza Sax Rohmer kutokana na hofu za wazungu juu ya Wachina. Mei 1974, katika toleo la 15 la Marvel Premiere, Roy Thomas na mchoraji Gil Kane wakamleta Danny Rand. Thomas mwenyewe amesimulia kwamba wazo lilimjia baada ya kutazama filamu ya kung fu iliyokuwa na sherehe ya konde la chuma. Kiunzi alikitoa kwa Amazing-Man, wala hakuficha. Danny, mtoto wa tajiri wa New York, anafiwa na wazazi wake milimani, analelewa katika mji wa siri wa K'un-Lun, anamuua joka Shou-Lao na kuutumbukiza mkono wake katika moyo wa joka lile.

Filamu hizohizo zilifika pia katika kumbi za miji yetu ya Afrika Mashariki, na Bruce Lee akawa jina la kila mtaa. Waliokuwa vijana wakati huo hawakuhitaji kuelezwa sababu. Katika Fist of Fury, ya mwaka 1972, anasimama Shanghai mbele ya bango linalowakataza Wachina kuingia bustanini katika nchi yao, analirusha juu na kulivunja kwa teke. Watu waliotoka katika ukoloni miaka michache tu iliyopita walielewa teke lile bila mkalimani. Harlem walilielewa pia; Waafrika-Wamarekani walikuwa miongoni mwa watazamaji waaminifu kabisa wa filamu za kung fu. Si ajabu kwamba mwaka 1978 Marvel ilimuunganisha Danny Rand na Luke Cage, shujaa mweusi wa Harlem, katika kitabu kimoja. Mvuto wa kung fu kwa watazamaji hawa ulikuwa mwepesi kuueleza: steringi hakuwa mzungu, na hakuhitaji bunduki.

Kwa hiyo, baada ya kujulikana kwamba Netflix itatengeneza Iron Fist, mwaka 2014 mwandishi Keith Chow aliandika akiiomba Marvel impe sehemu ya Danny mwigizaji Mmarekani mwenye asili ya Asia. Hoja haikuwa kwamba Danny wa katuni ni Mwasia. Kila mtu alijua nywele zake ni za rangi ya dhahabu. Hoja ilikuwa kwamba hadithi ya kijana aliyekatwa na asili yake, akarudi mjini kwake akiwa mgeni, ingepata uzito mpya endapo kijana huyo angekuwa Mwasia aliyekulia Marekani. Marvel haikukubali. Mwaka 2016 sehemu ilitangazwa kwenda kwa Finn Jones, Mwingereza aliyekwisha kuonekana katika Game of Thrones. Baadaye Lewis Tan, mwenye asili ya Kichina na Kiingereza, mtoto wa bingwa wa mapigano na mwenyewe aliyefunzwa tangu utotoni, alieleza hadharani kwamba aliijaribu sehemu hiyo na kufikiriwa kwa uzito, kisha akapewa sehemu ya adui wa siku moja.

Wahakiki walipewa sehemu sita za kwanza kabla ya siku ya kutoka, nao wakahukumu. Katika hesabu za Rotten Tomatoes ni takriban mmoja kati ya watano aliyeipa neno jema. Watazamaji wa kawaida waliopiga kura mahali hapohapo waliipa alama za juu zaidi, kwa tofauti kubwa. Hapo ndipo ufa ulipoonekana kwa namba. Watetezi walisema wahakiki wamehukumu nusu ya kazi, na zaidi kwamba walikuja na hukumu mfukoni. Finn Jones alisema tamthilia ilitengenezwa kwa ajili ya wapenzi wa Marvel na wala si kwa wahakiki. Wakati mwingine alilaumu majira, kwamba bilionea mweupe wa Kimarekani alikuwa amekwisha kuwa adui wa umma mwaka ule. Roy Thomas, kwa upande wake, alisema wazi kwamba hana subira na malalamiko juu ya rangi ya Danny, na maneno aliyotumia kuwataja watu wa Asia yakaongeza moto badala ya kuuzima.

Sisi tuliolelewa na malumbano ya washairi tunaijua kanuni: anayejibu hufuata bahari ya aliyemtangulia, na vina vyake. Ukitegewa kwa shairi la mizani kumi na sita, huruhusiwi kutegua kwa utenzi ukadai umeshinda. Mabishano haya yalivunja kanuni hiyo tangu mwanzo. Mmoja aliuliza, kwa nini steringi asiwe Mwasia? Akajibiwa, katunini ni mweupe. Hilo ni jibu la swali jingine. Mwingine alisema, mapigano ni mabaya. Akajibiwa, wewe unachukia wazungu. Na wapo waliosema nimeipenda, wakajibiwa kwamba kupenda kwao ni kosa la kimaadili. Halafu palikuwa na kundi la tatu, ambalo wasimulizi hulisahau: wapenzi wa katuni waliokasirika kwa sababu hawakuonyeshwa joka, K'un-Lun haikuonekana ila kwa vipande, na vazi la kijani na njano halikuvaliwa na Danny. Hao walikuwa waaminifu kwa asili kuliko watetezi wa asili, nao waliichukia tamthilia vilevile.

Nami nishike upande. Kosa kubwa la msimu wa kwanza lilikuwa mwilini. Finn Jones alikiri katika mahojiano kwamba ratiba ilikuwa ngumu kiasi kwamba mapigano mengine alijifunza dakika 15 kabla ya kuyapiga picha. Kukiri huko kulitumiwa kumdhihaki, jambo ambalo si haki. Mwigizaji hapangi ratiba. Matokeo yake, hata hivyo, yapo kwenye skrini. Danny anainua mguu, picha inakatwa. Mguu unashuka, picha inakatwa tena. Adui kaanguka, nasi hatukuona kilichomwangusha. Ni kama shairi ambalo kila mshororo uliopungua mizani umefichwa kwa nukta tatu. Msomaji mmoja au wawili watadanganyika, lakini sikio lililozoea halidanganyiki.

Linganisha na Daredevil ya 2015, sehemu ya pili, pigano la ujiani. Kamera inatembea polepole katika ujia mwembamba, picha haionekani kukatwa, na steringi anachoka mbele ya macho yetu. Anaegemea ukuta, anahema, anarudi tena. Waundaji wale walikuwa na msaada ambao wenzao wa Iron Fist hawakuwa nao: steringi alifunika nusu ya uso wake kwa kitambaa, hivyo bingwa wa mapigano aliweza kuingia mahali pake bila mtu kujua. Danny Rand alipigana uso wazi. Wale waliomnyima vazi la katunini, barakoa na yote, kwa kutaka aonekane wa kweli zaidi, walimnyima pia msaada wa pekee ambao ungemfanya aonekane wa kweli. Ajabu ni kwamba wapenzi wa katuni waliokuwa wakililia vazi walikuwa wakidai, bila kujua, dawa ya ugonjwa waliokuwa wakiulalamikia wengine.

Njoo sasa katika sehemu ya nane. Danny anafika Uchina, na mlangoni mwa jengo analotaka kuliingia amekaa mlinzi mwenye chupa, Zhou Cheng, bingwa wa mtindo wa mlevi. Anayumba, anacheka, anakunywa, anaanguka katikati ya shambulio na kuanguka huko kunageuka kuwa teke. Kamera inatulia, kwa kuwa haina la kuficha. Kwa dakika chache Iron Fist inakuwa tamthilia ya kung fu. Mlinzi huyo ni Lewis Tan. Wahakiki waliokuwa wamepewa sehemu sita walikuwa hawajamwona; watazamaji walioendelea walimwona, na wengi walioipenda tamthilia walilitaja pigano hilo kama ushahidi wao. Walilotoa kuitetea kazi ndilo lililoihukumu vikali zaidi. Katika pigano lile mtu yeyote wa kibandani, akiingia amechelewa, angemwonyesha Zhou Cheng kwa kidole na kusema: steringi yule pale.

Hapa ndipo hoja mbili zinapokuwa moja. Waliouliza juu ya rangi na waliouliza juu ya mapigano walikuwa wakilalamikia uamuzi uleule, yaani kwamba elimu ya kung fu ni pambo analoweza kuvishwa yeyote kwa dakika 15, mradi jina lake liko juu ya bango. Najua pingamizi linalokuja, maana nimewaomba mkumbuke Carradine. Naye hakuwa bingwa, naye alichukua sehemu ambayo wengi waliona ingemfaa mtu mwenye asili ya Asia, na bado alipendwa. Ni kweli. Lakini Carradine alipendwa na watazamaji ambao, alipoanza, wengi wao hawajaona filamu hata moja ya Hong Kong. Macho yao yalikuwa hayajafunzwa. Watazamaji wa 2017 walikuwa na Bruce Lee, Jackie Chan na Jet Li nyuma yao, na wakati huohuo AMC ilikuwa ikionyesha Into the Badlands, ambamo Daniel Wu alipigana kila wiki kwa ufundi wa Hong Kong. Hata asiyejua jina la mtindo mmoja alikwisha kuona mizani kamili.

Walioipenda hawakuwa wajinga, na nawasikia. Wengi waliivumilia kung fu kwa ajili ya nyumba ya Meachum: baba aliyejifanya amekufa akaendelea kumtawala mwanawe, na huyo mwana, Ward, aliyeigizwa na Tom Pelphrey kwa uchungu usiosahaulika. Huo ulikuwa mkasa mzuri wa familia uliowekwa katika tamthilia isiyo yake. Wengine walimfuata Colleen Wing, mwalimu wa upanga aliyeigizwa na Jessica Henwick, ambaye kila alipoingia ulingoni alituonyesha mwili unaojua unachofanya.

Lililonivutia zaidi ni namna tamthilia yenyewe ilivyoanza kujibu. Davos, mtoto wa K'un-Lun, aliyelelewa pamoja na Danny, anafika New York na kumwambia kwamba konde lile lilikuwa haki yake, kwamba mgeni amepewa kilicho cha wenyeji kisha akakitelekeza. Hilo ndilo lalamiko la watazamaji, neno kwa neno karibu, ila limetiwa kinywani mwa adui. Katika msimu wa pili, uliotoka tarehe 7 Septemba 2018 ukiwa na sehemu 10, Davos anaunyang'anya uwezo huo kwa nguvu. Kiongozi wa uandishi alikuwa amebadilishwa, Raven Metzner badala ya Scott Buck. Mapigano yalikabidhiwa kwa Clayton Barber, na safari hii Jones alipata muda wa kujifunza. Inaonekana. Hata barakoa ilivaliwa, katika kumbukumbu ya pambano la vijana wawili wakishindania haki ya kumkabili joka. Danny anakiri kwamba konde linamtawala yeye badala ya yeye kulitawala, na anamwomba Colleen alipokee. Colleen anakataa, kisha anapiga moyo konde.

Baadhi ya waliokuwa wameitupa tamthilia walirudi. Mgawanyiko haukwisha, lakini ulianza kuwa wa kujibizana katika bahari moja: je, Davos alikuwa na hoja? Colleen amepewa konde, au ameachiwa mzigo wa mwingine? Mwishoni mwa msimu Danny yuko Japani pamoja na Ward, ameshika bastola mbili zinazowaka kwa nguvu ileile ya pumzi, na Colleen yuko New York usiku, upanga wake unang'aa mweupe kutoka mpini hadi ncha.

Tarehe 12 Oktoba 2018, wiki tano baada ya sehemu hizo kutoka, Netflix ilitangaza kuifuta Iron Fist. Msimu wa kwanza ambao steringi wake angekuwa Colleen haukupigwa picha. Katunini jambo hilo lilichukua miaka mingine mitatu na zaidi: mwaka 2022 Marvel ilianza kitabu kipya cha Iron Fist kilichoandikwa na Alyssa Wong, na aliyevaa vazi la kijani safari hii, pamoja na barakoa yake, ni kijana Mchina aitwaye Lin Lie.